Kila Ombi na Bei Yake

Filamu niliiona nikiwa mdogo, sebuleni kwa shangazi, na kwa miaka niliamini hadithi inaishia pale Bastian anapompanda joka Falkor kuwakimbiza wale wahuni waliomwonea. Raha tupu! Juzi ndiyo nimesoma kitabu chenyewe, The Neverending Story, cha Mjerumani Michael Ende, cha 1979. Kumbe filamu ya 1984 ilishukia nusu ya safari.

Nusu iliyoachwa ndiyo yenye uchungu. Huko Fantastica Bastian anapata lolote analoomba, lakini kila ombi linafuta kumbukumbu. Anaomba uzuri, anasahau kuwa aliwahi kuwa kibonge wa kuchekwa. (Yule wa filamu ni mwembamba tangu mwanzo, sijui waliogopa nini.) Akifika kwenye mgodi wa picha hawakumbuki hata wazazi. Anachimba picha moja: mwanamume wa koti jeupe, amegandishwa ndani ya barafu. Ni babake, ambaye tangu kifo cha mama alikuwa hasemi naye. Hamtambui. Anamhurumia tu.

Nilikuwa kwa matatu, nikapita steji yangu.

Ende aliichukia filamu hadi akataka jina lake liondolewe. Kabla ya ule mgodi ningesema ana maringo.