Kalamu Nyingi, Ukurasa Mmoja: Ubishi wa Wahariri wa Kamusi Elezo na Habari za Oruchinga

Wapenzi wa fasihi yetu wanaukumbuka mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 na 1980. Upande mmoja ulishikilia kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Upande wa pili, ambao E. Kezilahabi alikuwa miongoni mwake na Kichomi chake cha mwaka 1974, ulikataa kufungwa na sharti hilo. Wino mwingi ulimwagika na maneno makali yalitumika. Hata hivyo mgogoro ule ulikuwa na neema moja ambayo labda hatukuitambua wakati ule: kila mbishi aliweza kutoa diwani yake. Kitabu cha mmoja hakikukifuta kitabu cha mwenziwe, na hata leo msomaji anaweza kuviweka vyote viwili mezani akaamua mwenyewe.

Siku hizi walimu na wanafunzi wetu wanasoma, na baadhi yao wanaandika, maandishi ya namna nyingine ambamo neema hiyo haipo. Nasema juu ya Wikipedia, ambayo toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003, miaka miwili baada ya lile la Kiingereza, na ambayo hujiita kamusi elezo huru. Humo jambo moja lina ukurasa mmoja. Wanaobishana juu ya jambo hilo hawawezi kuondoka kila mtu na kitabu chake. Hawana budi wapatane, la sivyo mmoja atayafuta maneno ya mwingine.

Katika makala haya nakusudia kuuhakiki ubishi huo kama tunavyohakiki kazi nyingine za maandishi: unaendeshwa kwa hoja gani, unatumia lugha gani, na humwachia msomaji nini. Mfano wangu ni Oruchinga, makazi ya wakimbizi yaliyo kusini ya mji wa Mbarara, Uganda, kuelekea mpaka wa Tanzania, jirani na makazi makubwa zaidi ya Nakivale. Yeyote atakayeketi kuandika ukurasa wa Oruchinga kwa Kiswahili atakuta kwamba karibu kila neno analolihitaji limebeba kesi ndani yake.

Kanuni za mchezo

Yafaa kwanza tueleze kazi hii inavyofanyika. Wahariri wa kamusi elezo ni watu wa kujitolea. Hawalipwi, na wengi hutumia majina ya kalamu. Kanuni zao kuu juu ya yaliyomo ni tatu: mwandishi asielemee upande, kila dai liweze kuhakikishwa katika maandishi yanayoaminika, na mtu asilete utafiti wake mwenyewe ambao haujachapishwa. Nyuma ya kila ukurasa upo ukurasa wa majadiliano, na ipo historia inayoonyesha nani aliandika nini, na nani alifuta nini. Katika toleo la Kiingereza mhariri haruhusiwi kutangua maandishi ya wenziwe katika ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu kwa muda wa saa 24. Wanaosimamia amani katika toleo letu huitwa wakabidhi, nao huchaguliwa na wahariri wenzao.

Jambo la historia hiyo si dogo. Ensaiklopidia maarufu ya Diderot na d'Alembert, iliyoanza kutoka Ufaransa mwaka 1751, ilihaririwa kwa siri na mchapaji wake, Le Breton, ambaye alikata sehemu alizoziogopa bila kumwambia mtu. Diderot aligundua mwaka 1764, wakati kurasa zilikwisha pigwa chapa. Katika kamusi elezo ya leo mkasi wa Le Breton ungeonekana na kila msomaji. Hiyo ni sifa ambayo vitabu vyetu vya shule havina, na mhakiki mwadilifu hana budi kuikiri.

Tukiri pia ubunifu wa lugha. Makala mafupi yanayosubiri kukuzwa huitwa mbegu, na sidhani kama kamati yoyote ya istilahi ingepata neno lililo bora kuliko hilo. Lakini shamba lenyewe limepandwa kwa kufuata mapenzi ya wapandaji: kata za Tanzania na watakatifu wa Kanisa wana mbegu nyingi mno, na mahali penye mamia ya watu wanaokisema Kiswahili kila siku pengine hapana hata mche.

Mwaka mmoja, majibu matatu

Tuanze na jambo linaloonekana jepesi, yaani mwaka. Makazi ya Nakivale yalianza lini? Wako wanaoandika 1958, wako wanaoandika 1959, na wako wanaoandika 1960. Kwa Oruchinga mwaka unaotajwa sana ni 1959. Wahariri wavivu hupigana juu ya tarakimu hizi kwa kufutiana: huyu huweka, yule huondoa.

Lakini mwaka hapa ni hoja. Novemba 1959 ndipo ghasia zilipozuka Rwanda na Watutsi wengi wakakimbia. Anayeandika 1959 anamwambia msomaji kwamba makazi haya ni mtoto wa ghasia zile. Anayeandika 1958 anasema, pengine bila kujua, kwamba kulikuwa na watu waliokwisha kuhama kabla yake. Na 1960 ni mwaka wa serikali kuyatambua makazi rasmi. Kwa hiyo tarakimu zote tatu zaweza kuwa majibu ya maswali matatu tofauti: watu walifika lini, walikimbia nini, na dola iliwatambua lini. Mhariri mwema hachagui moja akazitupa mbili. Huuliza kila moja inajibu nini, kisha huandika sentensi tatu. Ubishi wa namna hii, ukiendeshwa kwa akili, humpa msomaji zaidi ya alichokuwa angepata kutoka kwa mwandishi mmoja aliye na hakika.

Kambi au makazi?

Jambo la pili ni jina la mahali penyewe. Waandishi wengi wa magazeti husema "kambi ya wakimbizi". Uganda, hata hivyo, haifuati mtindo wa kambi: mkimbizi wa Nakivale au Oruchinga hugawiwa kipande cha ardhi alime. Kiswahili cha Tanzania kimekwisha kuitofautisha mikoa hiyo miwili ya maana. Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikopelekwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, huitwa makazi. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, huitwa kambi. Tofauti hiyo ilizaa matunda: mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa makazi yale ya 1972. Wa kambini hawakuwemo.

Basi anayeandika "kambi ya Oruchinga" hakosei msamiati peke yake. Humwambia msomaji kwamba watu hawa wamepiga turubai na kesho wataling'oa, hali wengine wamezaliwa pale, wakazaa pale, na wazee wao wamezikwa pale. Hapa sioni haja ya suluhu ya katikati. Neno ni makazi.

Kiambishi kinachobadili uraia

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, na linatuhusu sisi walimu wa sarufi moja kwa moja. Katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, Banyarwanda wametajwa katika orodha ya jamii za asili za nchi hiyo. Huko, Munyarwanda aweza kuwa raia ambaye mababu zake walikuwa Uganda kabla mipaka haijatulia, aweza kuwa mtoto wa kibarua aliyehamia wakati wa ukoloni, na aweza kuwa mkimbizi. Sasa mhariri wetu wa Kiswahili anafika na sarufi yake. Anaondoa ba-, anaweka wa-, kama tulivyomfundisha: Wanyankole, Waganda, Wanyarwanda. Kisarufi hana kosa. Lakini msomaji wa Dodoma au Mombasa akisoma "Wanyarwanda" anaelewa jambo moja tu: raia wa Rwanda. Kwa kiambishi kimoja raia amegeuzwa mgeni.

Kosa hili lina historia ya damu. Oktoba 1982, wakati wa serikali ya pili ya Milton Obote, maelfu ya watu wasemao Kinyarwanda walifukuzwa majumbani mwao katika Ankole, maofisa wa wilaya na vijana wa chama tawala wakishiriki. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakaporwa. Wengine walisukumwa hadi Rwanda, wengine wakasukumwa ndani ya makazi ya wakimbizi ya zamani, Oruchinga na Nakivale zikiwemo. Miongoni mwao walikuwamo wakimbizi, na walikuwamo raia. Kuwatia wote katika makazi ya wakimbizi ilikuwa ndiyo njia ya kusema kwamba wote ni wageni. Mhariri anayeandika leo kwamba mwaka 1982 "wakimbizi wa Rwanda walirudishwa makazini" anairudia hukumu ya waliofukuza, tena kwa sauti ya upole ya kamusi.

Haya yalijirudia kwa sura nyingine Julai 2010, Wanyarwanda wapatao 1,700 walipopakiwa malorini Nakivale na Kyaka na kupelekwa Rwanda. Serikali za Uganda na Rwanda zilisema ni watu ambao maombi yao ya hifadhi yalikuwa yamekataliwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lililaumu nguvu iliyotumika, likasema walikuwamo wakimbizi waliotambuliwa. Je, tuandike walirejeshwa, walirudishwa, au walifukuzwa? Kanuni ya kutoelemea upande mara nyingi hueleweka vibaya hapa: mhariri hutafuta kitenzi baridi kuliko vyote, akadhani ubaridi ndio uadilifu. Sivyo. Uadilifu ni kusema nani alisema nini, na kutaja lililotendeka ambalo hakuna anayelikana.

Shahidi asiyechapishwa

Hapa tunafika kwenye udhaifu mkubwa wa kanuni zenyewe. Kila dai lataka maandishi yaliyochapishwa. Lakini wanaoujua mwaka 1959 wa Oruchinga, na Oktoba 1982 yake, wengi hawakuandika kitabu. Ushahidi wao u vinywani. Kwa kanuni ya kamusi elezo, ripoti ya mgeni aliyekaa siku tatu ina uzito, na maneno ya bibi aliyekaa miaka sitini hayana.

Hili limewahi kusemwa. Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India na wenzake walijaribu kutumia mahojiano yaliyorekodiwa kama marejeo ya makala za Wikipedia, huko India na Afrika Kusini. Wahariri wengi wa toleo la Kiingereza walipinga: walisema kinywa hakihakikishiki. Sisi tuliosoma fasihi simulizi tunajua kwamba hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Kinywa hupotosha, na karatasi pia hupotosha; vyote viwili hupimwa kwa kulinganishwa. Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka mlango ufunguliwe wazi. Mahali ambapo ardhi inagombewa na uraia unagombewa, kila upande utaleta mzee wake. Dawa ni sisi kukusanya masimulizi, kuyaandika kwa majina ya vijiji na tarehe, na kuyachapisha katika majarida kama haya yetu. Yakishachapishwa, kanuni haiwezi tena kuyakataa.

Kiswahili cha nani?

Limebaki suala la lugha. Oruchinga na Nakivale zina Wakongo na Warundi wengi, na Kiswahili chao si kile cha Kiunguja kilichofanywa msingi wa usanifishaji. Mkongo akiandika kwa lahaja yake, mhariri wa sanifu humsahihisha, pengine kwa ukali, naye haonekani tena. Kosa la pili liko upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Makala yaliongezeka kwa mamia, na mengi yalikuwa Kiingereza kilichovikwa kanzu. Wakaachiwa wahariri wachache kazi ya kuyafua.

Matoleo madogo yana hatari zake. Mwaka 2020 ilibainika kwamba maelfu ya makala za toleo la Kiskoti yaliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Katika toleo la Kikroatia kundi dogo la wakabidhi wenye siasa za utaifa lilipotosha historia kwa karibu miaka kumi, kama ilivyoelezwa katika ripoti ya mwaka 2021. Katika visa vyote viwili wabishi hawakutosha. Waliolalamika walikuwa wachache, au walichoka, au walifukuzwa.

Hitimisho

Kutokana na haya, siwashauri walimu wawakataze wanafunzi kamusi elezo, wala wawaachie waiamini. Nashauri wawafundishe kuisoma kutoka nyuma: kwanza historia ya ukurasa, kisha majadiliano, mwisho makala. Mwanafunzi atakayeona kwamba neno "kambi" liliondolewa na likarudishwa atajifunza juu ya semantiki kuliko atakavyojifunza katika zoezi la kujaza nafasi.

Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza lake la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Shule za Isingiro, zikiwemo za makazi, zitahitaji maandishi juu ya mahali zilipo. Mbegu ya Oruchinga itapandwa na mtu. Ikipandwa na asiyejua tofauti ya Banyarwanda na Wanyarwanda, mtoto aliyezaliwa pale atasoma kwa lugha yetu kwamba kwao si kwao. Kwa hiyo walimu wa Mbarara wasingoje mwaliko. Waingie ukurasani na ushahidi wao, na wakibishiwa wabishe.