Chungu cha Saruji

Ukisimama ufukweni Matema asubuhi na kutazama mashariki, unaona Milima ya Livingstone ikichomoza moja kwa moja kutoka majini. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Milima hiyo inapita mita 2,000. Chini yake, kijijini Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono, na mitumbwi huvileta hadi soko la Lyulilo. Hapo mandhari na sanaa havijawahi kuachana.

Mipango yetu ya miji ndiyo huviachanisha. Tunapima viwanja, tunachora barabara, na mwishoni kabisa tunakumbuka urembo: tunasimika sanamu kwenye kipilefti. Mwanza ina samaki wake wa kipilefti, lakini picha ambayo kila mgeni huondoka nayo ni Jiwe la Bismarck, ambalo halikuchongwa na mtu. Kazi ya mji ilikuwa moja tu: kutolizibia.

Kwa hiyo sanaa ya kwanza ya umma Kyela ingekuwa nafasi tupu: mitaa inayoelekezwa kwenye mlima, na ufukwe usiozungushiwa kuta za hoteli hadi mvuvi akakosa pa kupita.

Ya pili ni vyungu vyenyewe, na hapa ndipo penye hofu yangu. Naona kabisa siku litakapotokea wazo la kujenga chungu kikubwa cha saruji kwenye lango la mji. Kitapigwa rangi, kitazinduliwa, watu watapiga nacho picha. Mfinyanzi wa Ikombe hatapata hata shilingi, ingawa sura iliyosimama pale ni ya kazi yake.

Afadhali halmashauri inunue vyungu halisi, ipandie miti na maua, ivipange stendi, sokoni na kando ya mifereji ambayo Kyela, kwa utambarare wake na mafuriko yake, inaihitaji kwa vyovyote. Utasema udongo huvunjika. Ni kweli. Kila chungu kinapovunjika, mtu wa Ikombe anaagizwa kingine. Saruji hudumu miaka mingi, lakini fundi wake hulipwa mara moja tu, na mara nyingi hata hatoki Kyela.