Hadithi ya Nyambizi na Hukumu ya Wasomaji Wake

Ndugu msomaji, mwezi wa Julai 1914 jarida moja la London liitwalo The Strand lilitoa hadithi ya vita vya baharini ambavyo vilikuwa bado havijatokea. Mtungaji wake ni Arthur Conan Doyle, yule yule aliyembuni mpelelezi Sherlock Holmes. Hadithi yenyewe yaitwa "Khatari!". Si ndefu, na mwenye kuianza baada ya chakula cha usiku ataimaliza kabla ya kulala.

Lakini lililotufanya tuitaje hapa si hadithi peke yake. Jarida lile lilifanya jambo lisilo la kawaida: liliwapa hadithi hiyo mabingwa wa vita vya baharini waisome, na rai zao likazichapisha pamoja nayo. Basi tunayo hadithi, tunayo hukumu ya wasomaji wake wa mwanzo, na tunayo miaka iliyofuata, ambayo iliihukumu hadithi na ikawahukumu wasomaji pia. Ni nadra kuvipata vyote vitatu pamoja, na yafaa tuvitazame kwa utulivu, kwani ndani yake mna funzo juu ya namna ya kusoma, na juu ya namna binadamu anavyoidhania nafsi yake.

HADITHI YENYEWE

Msimulizi ni Kapteni John Sirius, baharia wa nchi ndogo ya kubuni iitwayo Norland. Nchi hiyo imegombana na Uingereza, na mfalme wake yu karibu kusalimu amri, kwani manowari zake ni chache na za Waingereza ni nyingi. Sirius amwambia asifanye haraka. Anazo nyambizi nane, yaani manowari ziendazo chini ya maji, na kwa hizo nane atawashinda Waingereza bila ya kupambana na manowari zao. Atawashinda vipi? Kwa kuzamisha meli za chakula.

Uingereza ya siku zile ilikuwa ikila ngano ya ng'ambo, na ngano hiyo haikuwa na njia ila bahari. Sirius ajificha katika mapito ya meli na kuzizamisha moja baada ya moja, wala sheria za mataifa hazimshughulishi. Bei ya mkate yapanda, maskini ndio wa kwanza kuumia, na baada ya wiki chache dola yenye manowari nyingi kuliko zote duniani yaomba suluhu kwa nchi ndogo iliyokuwa ikiidharau.

Mtungaji alikuwa na kusudi lake, wala hakulificha. Alipoitoa tena hadithi hii katika kitabu mwaka 1918, alieleza katika dibaji kwamba aliiandika yapata miezi 18 kabla ya vita, ili awatanabahishe watu wa nchi yake. Alitaka walime chakula zaidi nyumbani kwao, na wachimbe njia ya reli chini ya bahari hadi Ufaransa, ili siku bahari ikifungwa wasife njaa.

RAI ZA WAKUU WA BAHARI

Haya, mabingwa walisemaje? Admirali Sir Compton Domvile aliona mambo yale hayaelekei kutokea, akayafananisha na masimulizi ya Jules Verne, yule Mfaransa aliyetunga hadithi ya nyambizi ya ajabu miaka mingi kabla yake. Admirali Penrose Fitzgerald alisema kwamba yeye hadhani kuna taifa la kistaarabu litakalozipiga meli za biashara zisizo na silaha. Admirali William Henderson akasema kwamba hakuna taifa litakaloruhusu jambo kama hilo, na kwamba ofisa atakayelitenda atapigwa risasi.

Wala usidhani kwamba hawa walikuwa peke yao. Lord Fisher, aliyepata kuwa mkuu wa wanamaji wote wa Uingereza, alikuwa ameiandikia serikali yake kuionya juu ya khatari hiyo hiyo. Bwana Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa mambo ya manowari, alimjibu tarehe 1 Januari 1914 kwamba haamini kuwa jambo hilo litatendwa na dola ya kistaarabu.

Tazama, msomaji, neno lile lile linavyorejea: ustaarabu. Hawakusema kwamba nyambizi haina nguvu ya kuzamisha meli ya ngano. Walisema kwamba mwenye nyambizi, akiwa ni muungwana, hatafanya hivyo.

YALIYOTOKEA

Vita vilianza mwezi wa Agosti 1914, wino wa jarida haujakauka sawasawa. Tarehe 22 Septemba nyambizi moja ya Kijerumani ilizamisha manowari tatu kubwa za Kiingereza katika asubuhi moja, na watu zaidi ya 1,400 wakafa. Tarehe 20 Oktoba ikazamishwa meli ya kwanza ya biashara, jina lake Glitra, nayo mabaharia wake walipewa nafasi ya kushuka katika mashua kwanza. Mwezi wa Februari 1915 Ujerumani ikatangaza kwamba bahari yote iliyoizunguka Uingereza ni uwanja wa vita. Tarehe 7 Mei mwaka huo ikapigwa Lusitania, meli ya abiria, wakafa watu karibu 1,200, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao. Na tarehe 1 Februari 1917 ikatolewa amri ya kuzamisha kila meli itakayoonekana katika bahari hizo, bila ya onyo. Katika mwezi mmoja tu wa Aprili 1917 meli za jumla ya tani zaidi ya 800,000 zilikwenda chini.

Angalia vile walivyoteremka. Mwanzo mabaharia walipewa nafasi ya kushuka. Kisha nafasi hiyo ikafupishwa, kisha ikaondolewa. Hapana aliyelala usiku akiwa mwema akaamka asubuhi akiwa katili. Waliteremka ngazi moja moja, na kila ngazi ilikuwa na udhuru wake.

WALIPOPATIA NA WALIPOKOSEA

Tuwe waadilifu. Wakuu wale hawakukosa kila kitu. Sirius aliona nyambizi nane zatosha, na Ujerumani ilitumia zaidi ya 300 katika vita vile na haikushinda. Waingereza walijifunza mwaka 1917 kuzipeleka meli zao kwa msafara, zikisindikizwa na manowari, na hasara ikapungua. Mwaka 1918 chakula kiligawiwa kwa vipimo, lakini njaa ya kuwafanya wasalimu amri haikuwafika. Katika hesabu ya vyombo, mtungaji alitia chumvi.

Lakini walipokosea ni pakubwa zaidi. Wao walikuwa mabingwa wa bahari, na lau wangejibu kwa elimu ya bahari, jawabu lao lingekuwa na uzito. Badala yake walijibu kwa kuzisifu nafsi zao. Mtu asemapo "taifa la kistaarabu halifanyi hivi", mara nyingi maana yake ni "sisi, na wanaofanana nasi, hatufanyi hivi". Na hilo si dalili ya jambo lolote, ni matumaini tu yaliyovikwa kanzu ya elimu.

Na je, wao wenyewe? Katika vita hivyo hivyo manowari za Kiingereza ziliifunga bahari kwa Ujerumani, hata chakula cha raia kikazuiwa, na vizuizi hivyo havikuondolewa kabisa ila mwaka 1919, vita vikiwa vimekwisha kusimama tangu Novemba 1918. Wazee na watoto wengi walidhoofika na kufa. Marekani iliingia vitani mwaka 1917, na mojawapo ya sababu zake kubwa ilikuwa huko kuzamisha meli bila ya onyo. Lakini ilipopigwa na Wajapani tarehe 7 Desemba 1941, siku hiyo hiyo ilizipa nyambizi zake amri ya kuzamisha meli za Japani namna ile ile. Wahenga wamesema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wako pia waonao kwamba hadithi kama hii ni sumu, kwamba humfundisha adui. Hoja hii haisimami. Fisher alikwisha kuyaona hayo hayo kwa akili ya kibaharia, na wanamaji wa Ujerumani nao walikuwa na macho. Mwenye kukuonyesha mwiba njiani siye aliyeupanda.

KASORO YA HADITHI

Lakini tukiisha kumtetea mtungaji, nasi tuna jambo la kumdai. Sirius ahesabu meli, ahesabu tani, ahesabu bei ya ngano. Waliozama hatuwajui. Hawana majina, hawana mama zao, hawana la kusema. Mtungaji alitaka kuwatisha Waingereza kwa ajili ya mkate wao, basi akaupa mkate nafasi kuliko roho. Msomaji aifunga hadithi akiwa ameogopa njaa, na tena akiwa amevutiwa na werevu wa Sirius, bali hakumlilia mtu hata mmoja. Hapo ndipo hadithi hii na wakuu walioicheka walipokutana bila ya kujua: wote walitazama juu ya maji, wala hapana aliyetazama ndani ya maji.

Huenda ukauliza, haya ya Waingereza na Wajerumani yatuhusu nini sisi wa pwani? Yatuhusu. Mwezi wa Februari 1944, katika vita vya pili, msafara wa meli ulitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Mmojawapo wa meli hizo ilikuwa Khedive Ismail, na ndani yake mlikuwa na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, nayo ikazama katika muda wa dakika chache. Nyambizi ile ikajificha chini, pale pale palipokuwa na watu waliosalia wakielea. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiulinda msafara zikatupa mabomu yao ya kulipukia chini ya maji, na mabomu hayo yakawaua baadhi ya wale wale waliokuwa wakingoja kuokolewa. Nyambizi ilizamishwa hatimaye. Katika Khedive Ismail walikufa watu 1,297.

Kweli ilikuwa meli ya askari, na wakati ulikuwa wa vita. Lakini mzingatie yule aliyeponea meli ikizama, akaiona manowari ya upande wake yamjia, akadhani ni faraja. Na mzingatie nahodha aliyetoa amri ile, akijua ni nani walio majini, na akijua pia kwamba adui akiachwa ataipiga meli nyingine. Hakuna hata mmoja wa hawa wawili ndani ya hadithi ya Sirius. Lau wangalikuwamo, pengine wale maadmirali wasingalijibu kwa wepesi vile.

TUZISOME VIPI?

Hadithi za namna hii hazijakwisha. Vijana wa nyumba zetu wanazo katika vitabu na katika filamu, na nyambizi za leo zina nguvu ambayo Sirius hakuiota. Hatusemi wakatazwe. Kijana akikatazwa kitabu hukisoma uvunguni, na anayesoma uvunguni hana wa kuzungumza naye. Bora mzazi aulize kitabu kinasema nini, na wakae wajadiliane.

Na katika kujadiliana huko, msiulize tu kama chombo kile chaweza kuundwa. Hilo waachieni mafundi. Ulizeni, kitakapoundwa na kikawa mkononi mwetu, na sisi tuna khofu na hasira, tutajizuia kwa lipi? Ulizeni ni nani anayekufa katika kurasa hizi, na kwa nini hakupewa jina. Msomaji asiyejiuliza la kwanza atajibu kama walivyojibu wakuu wa 1914, na asiyejiuliza la pili atashangilia kama Sirius. Mdharau mwiba huota tende, na mwiba wenyewe, ndugu msomaji, usiutafute kwa adui peke yake.