Herufi ya pili ilinidanganya

Wenzangu, masomo mengi ya Python tunayogawana yanaanza hivi: chukua neno "KIVU", andika [0], unapata K, andika [-1], unapata U. Ni kweli: Python inaanza kuhesabu kwa 0, na namba ya kutoa inahesabu toka mwisho. Lakini mimi nasema somo hilo liko nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa karibu kuniharibia kazi ya lisansi.

Nilikuwa na aina 12 za maharagi, kila aina kwenye parseli 3. Jumla 36. Kode zilikuwa H1R1, H1R2, hivyo hivyo mpaka H12R3. Ili kupata namba ya aina, nikaandika kode[1], sawa vile nilivyofundishwa. Programu ikatembea vizuri, hakuna kosa hata moja. Wastani ukatoka, nikafurahi, nikaanza hata kuandika hitimisho.

Halafu nikahesabu parseli. Aina ya 1 iko na parseli 12! Aina za 10, 11 na 12 haziko popote. Juu ya nini? Herufi ya pili ya H10R3 ni 1, sawa na ya H1R3. Zote zikaingia kapu moja.

Ubaya ni huo: nafasi haijui maana. Ukiomba nafasi isiyokuwepo, Python inasimama na kukuambia IndexError. Hapo iko na haki. Lakini ukiomba nafasi iliyopo ambayo siyo ile uliyotaka, inakupa tu, kimya. Na ukikata kipande kupita mwisho, kama "H1"[5:8], inakupa neno tupu bila kulalamika.

Sisemi mabano hayo ni mabaya. Yanafaa kama kode zote ziko na urefu mmoja: kwa H01R3, kode[1:3] inatoa 01, kwa sababu inasimama kabla ya nafasi ya 3. Kama kode zimekwisha kuandikwa shambani, gawa kwa alama: kwa H10R3, kode[1:].split("R") inatoa 10 na 3.

Kwa hiyo, ninyi mnaofundisha, "KIVU" peke yake haitoshi. Leteni mfano wenye 9 na 10 pamoja. Na sisi wa kilimo, kabla ya kuamini wastani, tuhesabu kwanza parseli.

Ninyi kode zenu mnazipanga namna gani?