Variomita na Safari ya Mbali Bila Injini

Baada ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kuibana Ujerumani katika utengenezaji wa ndege za injini, wapenzi wa urukaji waligeukia Wasserkuppe, mlima wa mita 950, ambako mashindano ya ndege zisizo na injini yalianza mwaka 1920. Hapo upepo unaogonga mteremko hulazimika kupanda, na rubani anayekwenda na kurudi mbele ya mteremko huo hubebwa nao. Kwa njia hiyo Arthur Martens alivuka saa 1 angani mwaka 1922, na muda mfupi baadaye Friedrich Hentzen akapita saa 3. Mkono wa rubani ulijifunza upesi kwa sababu mlima ulikuwa karibu, na kila kosa lilionekana papo hapo.

Ugumu ulikuwa kuuacha mlima. Mwaka 1926 Max Kegel alinyakuliwa na wingu la radi akapelekwa kilomita 55, lakini tukio hilo lilikuwa bahati, wala halikuwa mbinu ya kufundishika. Mwili wa binadamu huhisi mabadiliko ya mwendo, si mwendo usiobadilika, hivyo rubani aliye juu sana, mbali na mteremko, hawezi kujua kwa hisia kama anapanda au anashuka taratibu.

Jibu lilitoka kwa marubani wa maputo. Mwaka 1928 Robert Kronfeld alibeba variomita, chombo chenye chupa isiyopitisha joto iliyounganishwa na hewa ya nje kwa mrija mwembamba: ndege ikipanda, kanieneo ya nje hupungua, hewa hutoka chupani, na mshale huonyesha kasi ya kupanda. Rubani akizunguka ndani ya mkondo wa hewa moto inayopanda huona upande mmoja wa duara ukimwinua zaidi, akausogeza mzunguko wake huko, huku akikumbuka kwamba mshale huchelewa kidogo. Mwaka uliofuata Kronfeld alivuka kilomita 100, na hapa ndipo, kwa haki, safari ya mbali ilipoanza kuwa elimu.

Mkondo ukikosekana, safari ya mbali huishia shambani, na kutua huko hakuna mshale wake. Mwanafunzi anayejiandaa kwa kilomita 50 za beji ya fedha ya urukaji bila injini huzoezwa na mwalimu katika ndege yenye injini ndogo, akichagua shamba kwa kuangalia mteremko, mazao, mifugo na nyaya, akilikaribia hadi uamuzi wake udhihirike, kisha injini huwainua ili achague jingine.