Mwalimu Aagaye Kila Muhula

Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari aliiacha Bagamoyo akapanda meli kwenda Berlin. Alikuwa mwalimu wa Kurani, mtu wa kalamu, na alikwisha kuwakusanyia Wajerumani kodi ya nyumba. Huko alikokwenda alingojewa na kazi ya kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, chuo kilichofunguliwa mwaka 1887. Wanafunzi wake wengi walikuwa maofisa, wanajeshi, wamisionari na wafanyabiashara waliojiandaa kwenda koloni la Afrika Mashariki. Kwa hiyo kila kozi ilipokwisha, Mtoro aliwaaga watu waliokuwa wakielekea kwao yeye, kwenye minazi na ndugu zake, naye akabaki Berlin na baridi yake kungojea kundi jingine.

Ni kazi ya ajabu, na haijasifiwa vya kutosha. Watu wanamsifu mtunzi, mfasiri, hata mwanaisimu. Mwalimu anayekaa ugenini miaka na miaka akiwafundisha wageni lugha ya mama yake hupita kimyakimya, na mara nyingi mshahara wake na cheo chake ni vidogo kuliko vya maprofesa wa milango ya jirani.

Ufundi wake unaanzia mahali ambapo mwenye lugha hana habari napo. Mswahili hazijui ngeli, anazitumia tu. Lakini siku ya tatu ya masomo mkono unanyooshwa: ikiwa ni kiti kikubwa na kitabu kikubwa, kwa nini tunasema kifaru mkubwa na kijana mzuri? Mwalimu aliyekulia Mombasa au Pemba hajawahi kuulizwa swali hilo maishani mwake. Akijibu kwamba ndivyo inavyosemwa, darasa limekwisha. Itabidi arudi nyumbani kichwani mwake, awasikilize shangazi zake wakizungumza, aone kwamba chenye uhai kimevuta sentensi upande wake. Kisha aje saa: achore duara ubaoni, aeleze kwamba saa zetu za mchana zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza, ndiyo maana mtu akikuambia saa mbili usifike saa nane mchana ukakuta watu wamekwisha kula.

Salamu ndizo zinazomchosha na kumfurahisha zaidi. Habari za nyumbani? Nzuri. Za watoto? Nzuri. Mwanafunzi anauliza: na kama mtoto yu mgonjwa, nidanganye? Hapo mwalimu mzuri haendi mbio. Anaeleza kwamba ile "nzuri" ya kwanza inafungua mlango, na habari yenyewe inafuata nyuma yake: nzuri, ila mama amelazwa; salama, lakini juzi tumefiwa. Anawasimamisha wawili wawili wajaribu. Mara ya kwanza wanacheka, wanaona ni mchezo wa kuigiza. Wiki chache baadaye mmoja anaingia darasani, anajibu kwamba habari ni nzuri, ila bibi yake amefariki. Darasa zima linampa pole, na hakuna aliyemkumbusha mwenzake.

Kutokana na maswali ya namna hii ndipo kilipopatikana kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903. Jalada lina jina la Carl Velten, aliyekusanya na kuhariri, lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni ya Mtoro na watu wengine wa pwani. Kimeanza na mimba na uzazi, na ndani yake zimo habari za adabu, harusi, ngoma, uganga, utumwa na mazishi. Ukikisoma leo unasikia sauti ya mtu anayejibu maswali ya asiyejua. Hakuna mzee wa Bagamoyo aliyekaa barazani ambaye angeona haja ya kuandika vile mambo yanavyokwenda harusini. Kila aliyekuwapo anajua. Ilibidi mwenyeji aulizwe na wageni wenye madaftari, ndipo mazoea yageuke kuwa jambo la kuelezwa.

Kabla ya Mtoro walikuwapo wengine. Sleman bin Said alifundisha katika seminari hiyo hiyo, na baada yake Amur bin Nasur, kuanzia 1891 hadi 1895. Amur aliandika habari za maisha yake na za Berlin, zikaingizwa katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili wa C. G. Büttner wa mwaka 1894. Muda wake ulipotimia, akaondoka.

Kuondoka kwa Mtoro kulikuwa kugumu. Baadhi ya wanafunzi hawakutaka kumpa mtu mweusi heshima wanayompa mwalimu. Naye hakuwa mtu wa kumeza. Alilalamika, na mwaka 1903 kazi yake pale ikakoma, mwaka ule ule kitabu kilipotoka. Mwaka uliofuata alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, na mwaka 1905 wakafunga safari pamoja kurudi pwani. Meli ilifika, wao hawakuruhusiwa kushuka. Serikali ya koloni haikutaka kumwona mwanamke wa Kizungu akiishi Dar es Salaam kama mke wa Mwafrika. Mtu aliyewaaga maofisa kadha wa kadha waliokuwa wakienda nchini kwake alizuiwa na maofisa kuikanyaga nchi hiyo. Wakarudishwa Ujerumani. Aliandika barua za kudai haki yake, hazikufua dafu. Baadaye alifundisha Hamburg, katika Taasisi ya Kikoloni pamoja na mwanaisimu Carl Meinhof, kati ya 1909 na 1913. Akafia Berlin mwaka 1927.

Hakuna kipimo cha haki cha kulinganisha maisha hayo na ya waliokuja nyuma, lakini kazi ni ile ile. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi. Alipotoka mwaka 1972 alikwenda Dar es Salaam, kisha London kwenye BBC, na kuanzia 1995 akawa mwalimu wa Kiswahili Leipzig. Mshairi aliyetunga Sauti ya Dhiki gerezani akaja kukaa na vijana wa Ujerumani akiwarekebishia mashamirisho na viambishi. Wapo watakaosema ni kupoteza kipaji. Si kweli: mtu anayepima mizani za ushairi anajua kusikia silabi iliyokosewa kabla mwenyewe hajamaliza kuitamka. Alipostaafu mwaka 2011, Leipzig ilimwandalia kongamano la heshima, na mwaka 2016 Mkuki na Nyota wakachapisha kitabu juu yake, kikihaririwa na Rose Marie Beck na Kai Kresse. Kuagwa namna hiyo ni nadra kwa mwalimu wa lugha.

Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alifundisha Bayreuth miaka mingi, na riwaya zake Babu Alipofufuka na Dunia Yao zilitoka wakati huo huo alipokuwa akisahihisha mazoezi ya wanaoanza.

Na kuaga kwenyewe? Kwa kawaida hakuna kongamano. Kuna wiki ya mwisho ya muhula, keki iliyookwa na mwanafunzi mmoja, na mitihani ambayo bado haijasahihishwa. Wanafunzi waliopelekwa Zanzibar kwa mafunzo wanarudi wakisema "mambo" na "poa", na mwalimu mzee anakunja uso kidogo halafu anajibu "poa". Wakimaliza wanampa mkono mlangoni, kama ilivyo desturi yao. Yeye anatoka nao, anawasindikiza mpaka kituo cha tramu huku mazungumzo yakiendelea, na wao wanadhani ana safari ya upande ule.

Kisha siku moja anayepanda tramu ni yeye. Ofisini anaacha kaseti na faili za mazoezi. Anayempokea labda ametoka Morogoro au Kisumu. Siku yake ya kwanza anagonga mlango wa darasa, na kijana mrefu wa Saksonia anamwambia kwa Kimvita safi cha Mombasa, "Ndoo, mwalimu, karibu." Naye anageuka kuangalia maji yako wapi.