Maji Maji na Mashahidi Wake

Mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii yatufaa tusomapo kitabu cha Gustav Adolf von Götzen, gavana wa koloni tangu 1901 hadi 1906, alichokitoa mwaka 1909 juu ya vita vya Maji Maji. Humo chimbuko la vita ni waganga na ushirikina. Kodi na kazi ya lazima katika mashamba ya pamba zimepewa uzito mdogo. Hukumu hiyo imerithiwa na wengi, na baadhi yetu tumeihubiri bila kuuliza ni ya nani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Gilbert Gwassa, John Iliffe na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam waliwaendea wazee waliovikumbuka vita hivyo. Ushahidi wa Wamatumbi, katika milima ya Kilwa, unaanzia shambani: pamba ya lazima na viboko vya wasimamizi. Ndiyo maana huko Nandete, Julai 1905, walianza kwa kung'oa pamba. Dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe iliwaunganisha watu waliokwisha kuumizwa. Haikuyazua maumivu yao.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba dini haikuhusika. Mashahidi hao hao wanaeleza habari za pepo Hongo na za makundi yaliyokwenda Ngarambe kupokea maji. Kosa la gavana si kuiona dini, bali kuitenga na jasho la watu. Wala tusiseme walishambuliwa Wajerumani peke yao: Agosti 1905, bara ya Lindi, iliangamizwa misheni ya Wabenediktini Wajerumani huko Nyangao, na pia ile ya Waanglikana Waingereza huko Masasi. Wazee nao walisema baada ya miaka 60, katika taifa changa lililotafuta mashujaa. Maneno yao pia yapimwe.

Twamfundisha mwanafunzi kurudi kwenye Kiebrania na Kiyunani, na Luka anaanza Injili yake kwa kuwataja walioshuhudia. Je, tuwe wazembe tunapowasimulia wafu wa Kilwa na Lindi? Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Gwassa, 250,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa iliyofuata kuchomwa kwa vyakula. Mchungaji anayewaita wafu hao wajinga wa uchawi, pasipo kuwasikiliza mashahidi, anaivunja Amri ya Nane akiwa mimbarani.